Maswali ya Wasomaji: Siku Moja ya Kuitembea Tokyo

Katika toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kama inawezekana kuiona Tokyo kwa siku moja, nami nikamjibu kwa mistari michache kwamba inawezekana, ila kwa sharti la kuchagua upande mmoja wa mji na kuuacha mwingine. Jibu hilo limeleta barua kutoka Ngamiani, Deep Sea, Raskazone, Pongwe na hata Bagamoyo. Mara hii nazijibu kwa kirefu, kwa sababu safari ya Japani humgharimu mtu wa kwetu akiba ya miaka, na inaniuma kusikia kwamba mtu alifika huko akarudi akikumbuka ngazi za vituo vya treni tu.

SWALI: Mwanangu anasoma Yokohama na ameniita nikamtembelee mwezi wa Desemba. Ana siku moja tu ya kunipeleka Tokyo, na ameniandikia orodha ya sehemu kumi na mbili za kuona. Mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na nne, magoti yananisumbua, ninaswali swala tano, na sili nyama nisiyojua imechinjwaje. Je, siku hiyo tuipangeje ili niufaidi mji bila kuumia? (Mama wa Ngamiani, Tanga)

JIBU: Shikamoo mama. Mwanao amekuandikia orodha hiyo kwa mapenzi, lakini mwambie kwa niaba yangu aipunguze hadi sehemu tatu. Tokyo ina wakazi wapatao milioni 14, na reli ya Yamanote peke yake, ile inayoizunguka sehemu ya kati ya mji, ina urefu wa kilomita 34.5 na vituo 30, kiasi kwamba mzunguko mmoja humaliza kama saa nzima kabla abiria hajashuka popote. Anayekimbilia sehemu kumi na mbili hupitisha nusu ya siku chini ya ardhi, akipanda na kushuka, na goti linalouma hulijua jambo hilo mapema kuliko macho. Pendekezo langu ni muufuate mto Sumida, muanzie Asakusa, mteremke kwa boti hadi bustani iliyo karibu na bahari, kisha mmalizie msikitini upande wa magharibi wa mji.

Kabla ya yote, ujue habari ya jua. Sisi Tanga tumezoea mchana ambao haubadiliki sana mwaka mzima, lakini Tokyo iko mbali kaskazini, na mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni. Adhuhuri huingia kabla ya saa sita, alasiri huingia baada ya saa nane kidogo, na magharibi inaingia wakati ambapo kwetu watu ndio kwanza wanatoka kazini. Siku ni fupi, na ratiba yenu lazima iufuate mwanga huo. Hata hivyo msiwahi kupita kiasi: ikiwa ni siku ya kazi, treni za kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi hujaa watu mpaka mtu hawezi kuinua mkono. Reli nyingi huwa na behewa la wanawake peke yao saa hizo za asubuhi, lakini afadhali kwako ni kuondoka baada ya msongamano kwisha. Kutoka Yokohama, treni za kampuni ya Keikyu huunganika na reli ya chini ya ardhi ya Asakusa, na baadhi yake hufika huko moja kwa moja bila abiria kubadilisha. Mwanao atafute treni ya namna hiyo, hata kama itabidi muisubiri.

Asakusa ndiko liliko hekalu la Sensoji, la zamani kuliko yote mjini. Masimulizi ya hekalu hilo yatakugusa wewe uliyekulia pwani: yanasema kwamba mwaka 628 ndugu wawili wavuvi walitupa wavu katika mto Sumida, wakauvuta wakakuta sanamu ndogo ya Kannon, anayeheshimiwa na Wabuddha kwa huruma yake, na mahali pale pakajengwa nyumba ya ibada. Mtaingilia lango la Kaminarimon, lenye taa kubwa nyekundu iliyoning'inia, ambayo urefu wake ni karibu mita nne na uzito wake kilo 700. Kutoka langoni kuna njia ya Nakamise, yenye urefu wa kama mita 250, iliyopangwa maduka madogo kila upande: vipepeo vya kujipepea, vitambaa, biskuti za mchele zinazochomwa mbele yako. Njia ni tambarare, hutapanda ngazi mpaka ulifikie jengo kuu, na huna haja ya kuzipanda kama hutaki. Kuhusu dini usiwe na wasiwasi. Uwanja uko wazi kwa kila mtu, wenyeji wanafukiza ubani na kuomba kwa namna yao, na mgeni anayesimama kando akatazama kwa adabu halazimishwi kufanya lolote. Ng'ambo ya mto utauona mnara wa Skytree, uliofunguliwa mwaka 2012, wenye urefu wa mita 634. Utazame kutoka hapo hapo, inatosha. Kuupanda kunagharimu fedha nyingi na foleni, nawe mchana wako ni mfupi.

Chakula cha mchana kipateni Asakusa. Mtaa huo una migahawa kadhaa yenye cheti cha halali, pamoja na msikiti mdogo kwa wanaotaka kuswali adhuhuri hapo hapo. Nasisitiza cheti kwa sababu Japani kitu kinachoonekana hakina nyama kinaweza kuwa nayo. Supu ya tambi mara nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi, na mapishi mengi hutiwa mirini au sake, ambavyo ni vileo vya mchele, hata pale ambapo ndani ya bakuli kuna samaki na mboga tu. Mkikosa mgahawa, maduka madogo yanayofunguliwa usiku na mchana huuza matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, mengine yakiwa na samaki ndani. Mwanao asome maandishi ya pakiti, maana hata sosi ya soya wakati mwingine hutiwa kileo.

Baada ya hapo shukeni gatini, penye daraja la Azuma, hatua chache kutoka kituo cha treni. Boti za abiria huteremka mto kuelekea Ghuba ya Tokyo, na zipo zinazosimama kwenye bustani ya Hamarikyu. Safari huchukua kama dakika arobaini, mmekaa, ndani ya kioo, kwenye joto. Mwanao athibitishe ratiba ya siku yenyewe, kwa kuwa si kila boti husimama hapo. Mimi naiona sehemu hii kuwa bora kuliko zote za siku yenu, na nisingependa uipitie bila kujua unachokiona. Mtapita chini ya madaraja zaidi ya kumi, na baadhi yake, kama vile Eitai la mwaka 1926 na Kiyosu la mwaka 1928, yalijengwa baada ya tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 lililoua watu zaidi ya laki moja, wengi wao kwa moto uliofuata. Usiku wa tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya mitaa hii ya kando ya mto, na watu wanaokadiriwa kufikia laki moja wakafa kabla ya mchana, wengine wakiwa wamekimbilia maji haya haya. Majengo unayoyaona kingo zote mbili yameinuka juu ya misiba hiyo miwili, na wazee wa Asakusa bado wanaisimulia.

Hamarikyu ilikuwa bustani ya watawala wa ukoo wa Tokugawa, ambao waliitumia kuwindia bata, na ilifunguliwa kwa wananchi mwaka 1946. Kiingilio ni yeni 300, na wenye miaka 65 kwenda juu hulipa nusu, kwa hiyo wewe umepungukiwa kidogo tu. Ndani yake kuna bwawa la maji chumvi linalopokea maji ya ghuba kupitia milango maalumu, kiasi kwamba maji hupanda na kushuka kufuatana na kujaa na kupwa kwa bahari, na samaki wa baharini huingia humo. Nenda kwenye nyumba ya chai iliyojengwa juu ya bwawa, ambako utapewa chai ya kijani iliyopigwa mpaka ikatoa povu, pamoja na kipande cha tamutamu. Kiatu huvuliwa mlangoni na watu huketi chini kwenye mikeka, jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa. Ikiwa magoti hayakuruhusu kukaa chini, yapo mabenchi bustanini. Angalizo moja: bustani hufungwa kuanzia tarehe 29 Desemba hadi tarehe 1 Januari, basi siku yenu isiangukie hapo.

Mnapotoka, nendeni kituo cha Shimbashi mkapande reli ya Ginza hadi Omotesando, kisha reli ya Chiyoda hadi Yoyogi-Uehara. Katika kila kituo mwanao aulize lifti iko upande gani kabla hamjaanza kutembea, kwa sababu lifti zipo, lakini mara nyingi ziko mwisho mmoja wa kituo. Kutoka Yoyogi-Uehara ni mwendo wa dakika chache hadi Tokyo Camii, msikiti mkubwa kuliko yote Japani. Wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya Watatari waliokimbia Urusi baada ya mapinduzi, ukachakaa, ukabomolewa mwaka 1986, na huu uliopo ulifunguliwa mwaka 2000 ukiwa umejengwa kwa mtindo wa Kituruki, wenye kuba na mnara mmoja mwembamba. Mkifika saa tisa mtawahi alasiri bila haraka, mtapumzika, mtaswali magharibi kwa jamaa, na pana duka la vyakula vya halali pale pale ambalo mwanao atalifurahia kuliko wewe. Utaona pia kwamba kibla kimehama. Tanga tunaelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu sawa juu yetu, lakini ukiwa Tokyo unaelekea magharibi, ukiinamia kaskazini kidogo. Kumbuka hilo ukiwa chumbani Yokohama.

Shibuya nimeiacha kwa makusudi. Najua imo kwenye orodha, na njia panda yake ni maarufu duniani kwa umati unaovuka mara moja kutoka pande zote, lakini si mahali pa mtu mwenye magoti mabovu jioni ya baridi.

SWALI: Mimi ni mchuuzi wa samaki Deep Sea. Natarajia kupita Tokyo kwa siku moja baada ya mafunzo ya kuhifadhi samaki, na nimesikia tangu zamani habari za soko la Tsukiji. Wengine wananiambia limefungwa. Ukweli ni upi, na je, mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia mnadani? (Mchuuzi, Tanga)

JIBU: Waliokusimulia habari za soko hilo na waliokwambia limefungwa, wote wamesema kweli, ila kila upande nusu. Soko la jumla la Tsukiji lilianza mwaka 1935, baada ya soko la zamani la Nihonbashi kuharibiwa na tetemeko la 1923, na lilifungwa Oktoba 2018 shughuli zake zikahamishiwa Toyosu, kwenye ardhi iliyojazwa baharini. Uhamisho ulicheleweshwa kwa sababu eneo hilo lilikuwa la kiwanda cha gesi na udongo wake ulikutwa na sumu. Kilichobaki Tsukiji ni soko la nje, vichochoro vyenye mamia ya maduka ya samaki, visu, mwani, mayai ya kukaanga na pweza. Huko ndiko kwenye kula. Toyosu ndiko kwenye biashara.

Wewe uende Toyosu kwanza. Mnada wa jodari hufanyika alfajiri, kuanzia karibu saa kumi na moja na nusu, na mgeni anaruhusiwa kuutazama kutoka ujia wa juu wenye vioo bila kulipa. Ipo nafasi nyingine ya karibu zaidi na sakafu, lakini hiyo huombwa mapema na wanaoipata huchaguliwa kwa bahati nasibu. Lala mtaa wa jirani, kwa maana treni za kwanza huanza karibu saa kumi na moja alfajiri na zinaweza zisikuwahishe. Utawaona jodari wamelazwa sakafuni kwa safu, mikia imekatwa ili mnunuzi amulike nyama kwa tochi na kuipima mafuta kwa vidole, halafu kengele inalia na bei zinapandishwa kwa ishara za mikono. Januari 2019 jodari mmoja wa kilo 278, wa aina inayovuliwa bahari za kaskazini mwa Japani, aliuzwa hapo kwa yeni milioni 333.6. Bei ya mnada wa mwaka mpya ni ya heshima na matangazo kuliko ya nyama, kwa hiyo usiipigie hesabu za biashara.

Jambo ambalo ningependa ulitazame kwa makini kuliko bei ni namna samaki wao anavyouawa. Mvuvi wa Kijapani anayetaka bei nzuri hamwachi samaki afe kwa kutapatapa ndani ya chombo. Humchoma kwenye ubongo mara tu anapotolewa majini, humtoa damu kwa kumkata penye mashavu na mkiani, kisha hupitisha waya mwembamba ndani ya uti wa mgongo ili mishipa itulie, na mwisho humtia kwenye maji yenye barafu. Samaki anayetapatapa hutumia nguvu iliyomo ndani ya misuli yake, nyama hupata joto, hukakamaa mapema na kuharibika mapema. Aliyefanyiwa hivyo hukakamaa kwa kuchelewa na nyama yake hubaki imara kwa muda mrefu zaidi. Vifaa vyake ni msumari, kisu na waya. Changu na kolekole wa kwetu wanastahili matunzo hayo hayo, na sioni kinachotuzuia kuanza isipokuwa barafu, ambayo najua ndiyo shida yenu kubwa. Ukiwa Tsukiji, tazama visu. Ukipata uwezo nunua kimoja, na ukifunge kwenye mzigo wa kuingia tumbo la ndege, si mkobani.

Masoko yote mawili hupumzika Jumapili na baadhi ya Jumatano, na Tsukiji maduka mengi hufunga mapema mchana. Kutoka Toyosu panda treni ya Yurikamome katika kituo cha Shijo-mae. Haina dereva, inapita juu ya barabara na kuvuka Daraja la Rainbow, lililofunguliwa mwaka 1993, nawe utaiona bandari yote kutoka juu. Ukibahatika kuzungumza na watu wa bahari huko, waambie unatoka Tanga. Watafiti wa Kijapani wamefanya kazi na wenzetu kumchunguza silikanti anayenaswa kwenye nyavu za kwetu, yule samaki wa kale ambaye hifadhi yake ilianzishwa Tanga mwaka 2009, na jina la mji wetu si geni kwa wenye elimu hiyo.

SWALI: Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo, kutoka Mji Mkongwe hadi magofu ya Kaole. Nimepata mwaliko wa kwenda Japani na nitakuwa na siku moja Tokyo. Nikitazama picha naona vioo na zege tu. Je, mji huo hauna cha kale? (Mtembeza wageni, Bagamoyo)

JIBU: Kipo, ila itakupasa ukitafute, na sababu ya kukitafuta ni sehemu ya historia yenyewe. Tokyo iliitwa Edo hadi mwaka 1868. Tokugawa Ieyasu aliifanya makao ya serikali yake mwaka 1603, na kijiji cha wavuvi kilichokuwa kando ya ngome kikakua kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia, lakini kilijengwa kwa mbao na karatasi. Kwetu nyumba zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na hata paa likianguka ukuta hubaki. Mji wa mbao ukiungua haubakizi kitu cha kumwonyesha mgeni. Moto wa mwaka 1657 uliteketeza sehemu kubwa ya Edo pamoja na mnara mkuu wa ngome, na mnara huo haukujengwa tena mpaka leo. Halafu ukaja mwaka 1923, na halafu 1945, kama nilivyomweleza Mama wa Ngamiani hapo juu.

Basi siku yako ianze penye mawe. Bustani za Mashariki za Kasri la Mfalme ziko ndani ya ngome ya zamani, kiingilio hakuna, na hufungwa Jumatatu na Ijumaa. Utapita kati ya kuta za mawe makubwa yaliyoletwa kwa majahazi kutoka rasi ya Izu, yakachongwa na kupangwa bila saruji, na mwisho utafika kwenye msingi wa ule mnara ulioungua. Panda juu yake. Kisha utembee hadi kituo kikuu cha treni cha Tokyo, jengo la matofali mekundu la mwaka 1914 ambalo paa lake liliungua kwa mabomu na likarudishwa katika umbo lake la awali mwaka 2012.

Mchana wote uliobaki uutumie Nezu na Yanaka. Madhabahu ya Nezu, mahali pa ibada pa dini ya Kishinto, yana majengo ya mwaka 1706 yaliyosalimika, ya mbao, yenye rangi zake, na mtu wa kazi yako atatambua thamani yake mara moja. Yanaka ni mtaa ulioepuka sehemu kubwa ya moto wa 1923 na wa 1945. Vichochoro vyake ni vyembamba, vina mahekalu mengi madogo, nyumba za mbao zenye vyungu vya maua mlangoni, mafundi wa karatasi na vikapu, na makaburi makubwa alikozikwa Tokugawa Yoshinobu, mtawala wa mwisho wa ukoo ule. Hakuna atakayekuuzia tiketi. Wenyeji wanaishi humo, wanapita na mikokoteni ya sokoni, na mgeni anatakiwa kunyamaza na kutopiga picha za madirisha ya watu. Hapo ndipo ningependa ukae muda mrefu, uangalie jinsi mtaa wa kale unavyopokea watalii bila wenyeji wake kuhamishwa, maana swali hilo linatuhusu sana Bagamoyo na Tanga.

Usidharau pia vilivyojengwa upya. Jengo kuu la Sensoji ni la zege la mwaka 1958, na vigae vyake vya sasa ni vya madini ya titani, lakini wenyeji wanakwenda pale na imani ile ile ya mababu zao. Ukisimama hapo ukasema kwamba si la kale kwa kuwa ukuta si wa zamani, utakuwa umekosea jambo kubwa zaidi.

SWALI: Mimi ni kijana, miguu yangu mizima, nina siku moja kamili Tokyo lakini fedha ni kidogo na sijui neno la Kijapani. Nipitie wapi, na nijilinde na nini? (Kijana wa Raskazone)

JIBU: Viza uiombe mapema kwenye ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam, kwa sababu haitolewi uwanjani ukifika. Ukishafika, nunua kadi ya nauli ya Suica au Pasmo, ambayo unaigusisha kwenye mashine unapoingia na unapotoka kituoni, na inalipia pia madukani. Lugha isikutishe: kila kituo cha treni za chini ya ardhi kina herufi na namba, kwa mfano Asakusa ni G19 na Shibuya ni G01, kwa hiyo unahesabu tu. Reli hiyo ya Ginza ilianza kati ya Asakusa na Ueno mwaka 1927, ikiwa ya kwanza ya namna yake barani Asia, na peke yake inatosha kukuonyesha nusu ya mji.

Vya bure ni vingi. Msitu wa Meiji Jingu ulipandwa na watu kwa mikono yao, kwa miti ipatayo laki moja iliyotolewa zawadi kutoka kila pembe ya nchi, na madhabahu yaliyomo yalifunguliwa mwaka 1920. Jengo la serikali ya jiji huko Shinjuku lina ghorofa ya 45 iliyo wazi kwa umma bila malipo, mita 202 kutoka ardhini, na siku ya baridi yenye anga safi utauona mlima Fuji, wenye urefu wa mita 3,776. Wewe Shibuya nakuruhusu. Nenda jioni, na nje ya kituo uitafute sanamu ya mbwa Hachiko, aliyeendelea kumngoja bwana wake kituoni kila siku kwa miaka karibu kumi baada ya bwana huyo kufariki mwaka 1925. Sanamu ya kwanza iliyeyushwa wakati wa vita, na hii ni ya mwaka 1948.

Kuhusu kujilinda, hatari kubwa ni saa. Treni za mwisho huondoka karibu saa sita usiku, na ukiachwa teksi itakumalizia fedha zote. Ukipotea, tafuta kibanda cha polisi kilichopo karibu kila mtaa, watakuchorea njia. Namba ya polisi ni 110 na ya gari la wagonjwa ni 119. Uwe na noti mkononi, kwani migahawa midogo mingine haipokei kadi, na usimwachie mhudumu bakshishi, atakukimbilia kukurudishia. Takataka utatembea nazo mfukoni, mapipa ya barabarani ni machache mno. Na kwa kuwa wewe ni mtoto wa Tanga na baiskeli unaipenda, ukiikodi huko iegeshe penye alama ya maegesho tu. Ukiiacha ukutani kama tunavyofanya Barabara ya Kumi na Mbili, itachukuliwa na wakaguzi na utailipia faini.

SWALI: Ni majira gani mazuri ya kwenda, na nikiwa huko nitajuaje saa ya kupiga simu nyumbani? (Msomaji wa Pongwe)

JIBU: Mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Aprili ni wakati wa maua ya mcheri, mji unapendeza kweli, na bei za vyumba hupanda. Novemba hakuna umati mkubwa kama huo, majani yanageuka rangi, na hali ya hewa haimsumbui mtu wa pwani akiwa na koti. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua, Agosti ni joto lenye unyevu linalozidi la kwetu, na Agosti na Septemba ni miezi ya vimbunga. Januari joto la usiku hukaribia nyuzi sifuri.

Kuhusu saa, Tokyo imetutangulia kwa saa sita, na hiyo ni nafuu kwa Mswahili, kwa sababu namba inayosomeka kwenye saa ya ukutani huko ndiyo saa tunayoitaja kwa Kiswahili hapa nyumbani dakika hiyo hiyo. Saa ya kituoni ikionyesha 8 usiku, Pongwe ni saa nane mchana, basi piga simu. Ikionyesha 9 asubuhi, Pongwe ni saa tisa usiku, waache walale.